Pilipili ya Hariri na Maradhi ya Kamba

Miongoni mwa maradhi yampatayo kamba afugwaye bwawani yako yauayo kwa siku chache, hata mfugaji akaamka alfajiri akakuta ukingo wa bwawa umetandwa na maiti. Na yako mengine yasiyoua kabisa, ambayo humwacha kamba akila, akiogelea na kujivua gamba lake kama ilivyo ada yake, illa hakui. Mfugaji hulisha mwezi wa kwanza, hulisha wa pili, hulisha wa tatu, na siku ya kuvua, atupapo kimia chake akakivuta, huona kamba wa kila kimo wamelala pamoja, huyu urefu wa kiganja na yule urefu wa kidole gumba, ilhali wote walitiwa majini siku moja na walikula chakula kimoja. Na kwa kuwa bei ya kamba hupangwa kwa hesabu ya wangapi watimizao kilo moja, mtu huyo hana msiba wa kulilia, kwani mifugo yake iko hai, walakini hana faida ya kurudishia gharama ya chakula alichoipa. Maradhi ya namna ya kwanza huitiwa watu usiku. Ya namna ya pili huchukua miaka mingi kabla ya kujulikana kuwa ni maradhi.

Kudumaa huku ndiko kulikowashughulisha wafugaji wa Thailand mwanzoni mwa karne hii, walipokuwa wakimfuga yule kamba mkubwa mwenye milia ambaye wataalamu humwita Penaeus monodon, naye ni mwenyeji wa mikoko yetu pia, kuanzia Lamu hadi Rufiji na kuendelea kusini hadi Msumbiji. Mwaka 2004 watafiti wa huko walipowachunguza kamba waliodumaa hawakukuta adui mmoja bali wengi pamoja, virusi vya namna mbalimbali, na katikati ya virusi hivyo kimelea kidogo mno kisichokuwa na jina. Habari ya kimelea hicho, jinsi kilivyoonekana, kilivyopewa jina, kilivyosingiziwa kosa na jinsi lile lililo kosa lake hasa lilivyothibitishwa juu yake, ndiyo niliyokusudia kuieleza hapa. Lakini haielezeki vema bila ya kurudi nyuma yapata miaka mia na hamsini, katika nchi ya mabonde na milima ambako watu hawakufuga kamba bali viwavi.

Katika mabonde ya kusini ya Ufaransa, mti wa mforsadi ulikuwa ukiitwa mti wa dhahabu, kwa sababu majani yake yalilisha viwavi wa hariri, na viwavi walilisha watu. Mwaka 1853 wafugaji wa Ufaransa walivuna vifukofuko vya hariri vipatavyo kilo milioni 26. Ilipofika mwaka 1865 mavuno yalikuwa yameshuka hadi kilo milioni 4, na familia zilizokuwa na neema zikawa zinakata miforsadi yao kufanya kuni. Viwavi walitokwa na madoa madogo meusi mwilini kana kwamba wamenyunyiziwa pilipili manga iliyosagwa, na kwa ajili hiyo mwanazuoni Quatrefages akayaita maradhi yao pébrine, kwa neno la wenyeji wa huko litokanalo na pilipili. Wataliani nao, ambao hasara yao haikuwa ndogo, walikuwa wamekwisha kuona kwa hadubini ndani ya miili ya viwavi wagonjwa vijimwili vyenye umbo la yai, ving'aavyo, visivyohesabika. Vikaitwa vijimwili vya Cornalia, kwa jina la mmoja wa walioviandikia. Kuviona, basi, kulikuwa kumekwisha kutendeka. Kulikokuwa hakujatendeka ni kujua maana yake.

Mwaka 1865 mkemia Louis Pasteur aliombwa na mwalimu wake wa zamani, Jean-Baptiste Dumas, aende Alès akayatazame maradhi hayo, naye hakuwa amepata kugusa kiwavi wa hariri maishani mwake. Jean-Henri Fabre, yule mjuzi mkubwa wa wadudu aliyekuwa mwalimu huko Avignon, amesimulia jinsi Pasteur alivyompitia akaomba kuonyeshwa kifukofuko, akakitikisa karibu na sikio lake, akashangaa kusikia kitu kikigonga ndani. Fabre hakusimulia hayo kwa dharau, bali kwa kustaajabia ushujaa wa mtu aliyekwenda vitani bila ya kumjua adui wala yule anayetetewa. Na kweli ujinga ule wa mwanzo ulimgharimu Pasteur, kwa maana kwa muda wa miaka miwili alishikilia kwamba vijimwili vile si asili ya ugonjwa bali ni matokeo yake, kama usaha ulivyo matokeo ya jeraha. Na wasaidizi wake, Gernez akiwamo, walirudia majaribio mara nyingi kabla yeye hajakubali kwamba kile alichokidhani kuwa dalili ndicho mhalifu mwenyewe. Fauka ya hayo, ilidhihirika kwamba viwavi walikuwa wakiuawa na maradhi mawili yaliyochanganyika, pébrine na jingine la tumboni lililoitwa flacherie, na kila aliyejaribu kuyaeleza kama maradhi mamoja alijikuta akijikanusha mwenyewe.

Tiba aliyoitoa Pasteur haikuwa dawa, na hapo ndipo penye asili ya yote nitakayoyasema baadaye. Aliagiza kwamba kila nondo jike atage mayai yake peke yake juu ya kipande kidogo cha kitambaa, na akiisha kutaga, abandikwe kwa pini kwenye pembe ya kitambaa kile kile. Baadaye nondo huyo, akiwa amekauka, hupondwa ndani ya kinu kidogo pamoja na maji machache, na tone la uji ule huwekwa chini ya hadubini. Likionekana kuwa safi, mayai huhifadhiwa kwa msimu ujao. Vikionekana vijimwili, kitambaa na mayai yake hutiwa motoni. Hapakuwa na zaidi ya hayo. Wafugaji walilalamika kwamba hadubini ni chombo cha maprofesa kisichofaa mikononi mwa watu wa mashamba, naye Pasteur akawajibu kwamba katika maabara yake yumo mtoto wa kike wa miaka minane aliyekwisha jifunza kukitumia bila ya taabu. Mtoto huyo simjui jina, na wala simjui mwanahistoria aliyeliandika, lakini kila nisomapo habari za ushindi ule wa Alès humkumbuka yeye kabla ya wakuu, kwa sababu kazi yenyewe, siku baada ya siku, tone baada ya tone, ilifanywa na wanawake na mabinti walioinamia kioo. Kitabu kikubwa cha Pasteur juu ya maradhi ya viwavi kilitoka mwaka 1870, miaka miwili baada ya yeye kupatwa na kiharusi kilichomwachia ulemavu wa upande mmoja.

Kimelea chenyewe kilikuwa kimepewa jina mapema. Nägeli alikiita Nosema bombycis mwaka 1857, akikidhania kuwa cha jamaa ya bakteria na kuvu wadogo. Balbiani akaja mwaka 1882 akaliita kundi zima la viumbe hao maikrosporidia, na jina hilo ndilo lililodumu. Ni viumbe wa ajabu. Nje ya mwili wa mwenyeji wao huishi katika spora yenye ganda gumu, na ndani ya spora hiyo umekunjwa mrija mwembamba sana, mizunguko juu ya mizunguko, kama kamba ya chusa iliyopangwa vizuri ndani ya ngalawa. Spora imezwapo na kufika mahali pake, mrija huo hufyatuka ghafula, huchoma ukuta wa seli iliyo karibu, na kupitia humo maji yote ya uhai ya kimelea hutiwa ndani ya seli ile, ambako huzaana hadi seli ikapasuka na kumwaga spora mpya. Karne nzima wanazuoni waliwahesabu kuwa wanyama wadogo wa seli moja. Ni katika miaka ya 1990 ndipo uchunguzi wa vinasaba ulipowarudisha karibu na nasaba ya kuvu, mahali ambapo Nägeli, kwa macho yake na hadubini ya zama zake, alikuwa amepakaribia.

Basi ndugu wa kimelea hiki cha kiwavi mwenye pilipili walikuwako pia baharini, na wavuvi waliwajua kabla ya wataalamu. Katika Ghuba ya Meksiko wavuvi walikuwa wakivua mara kwa mara kamba ambaye nyama yake ya mgongoni imegeuka nyeupe kama pamba, laini, isiyopikika vizuri, nao wakamwita kwa majina ya pamba na ya maziwa. Mwaka 1950 Victor Sprague aliwaeleza na kuwapa majina maikrosporidia wawili waliosababisha weupe ule, mmoja akamwita Thelohania penaei, ambaye leo yumo katika ukoo wa Agmasoma. Majaribio yaliyofuata yalionyesha jambo la maana: kamba walioambukizwa walipolishwa samaki fulani wa ghuba ile, na kinyesi cha samaki hao kikapewa kamba wachanga, ndipo maradhi yalipotokea. Maana yake ni kwamba kimelea hiki humhitaji samaki awe daraja. Na kweli mfugaji achujaye maji yake asiingize samaki bwawani huwaona kamba wa pamba wakiadimika. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa baadaye litawadanganya watu.

Ufugaji wenyewe wa kamba ulikuwa bado mchanga. Mwaka 1934 Motosaku Fujinaga wa Japani alifaulu kuwatagisha na kuwatotoa kamba wa kwao kwa mkono wa mwanadamu, na mwaka 1968 I-Chiu Liao wa Taiwan akafaulu kuwalea vifaranga wa kamba mwenye milia. Kutoka hapo mabwawa yalienea Asia ya mashariki na kusini kwa kasi iliyopita maarifa, na palipo na viumbe wa namna moja wengi wamesongamana mahali pamoja, vimelea vilivyokuwa fukara baharini hupata utajiri. Aliyefanya kazi kubwa kuliko wengi katika kuyaweka maradhi haya katika mpango ni Donald Lightner wa Chuo Kikuu cha Arizona, jimbo la jangwani lisilo na pwani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1996 juu ya utambuzi wa maradhi ya kamba kilikuwa juu ya meza ya karibu kila maabara ya kazi hiyo. Kutoka kwake na wenziwe wengi walijifunza adabu ya sanaa hii: kwamba kamba huoza upesi sana kutoka ndani, tezi yake ikijiyeyusha yenyewe, kwa hiyo achunguzwaye sharti awe hai, atiwe sindano ya dawa ya kuhifadhi akiwa angali akirusha mkia, na aliyekwisha kufa majini hasemi tena ukweli.

Turudi Thailand. Nyuma ya kichwa cha kamba, chini ya gamba, iko tezi moja ya rangi ya kahawia ifanyayo kazi ya ini na kongosho kwa pamoja. Humo chakula humeng'enywa na akiba huwekwa. Katika tezi hiyo ndimo kilimoonekana kile kimelea cha mwaka 2004. Hakikuigeuza nyama kuwa nyeupe, hakikuacha doa wala uvimbe, na spora yake ilikuwa ndogo kiasi cha kuikatisha tamaa hadubini: urefu wake ni kama mikromita 1 na upana wake haufiki 1, ilhali spora ya yule wa viwavi huwa na urefu upatao mikromita 4. Mtazamaji asiye mzoefu, akiipaka tezi juu ya kioo na kuitia rangi, huona nukta zilizotawanyika kama vumbi, na vumbi liko katika kila kioo. Kimelea kama hicho kilikuwa kimeripotiwa Malaysia mwaka 1989, kikapita kama mpita njia asiyeulizwa jina. Mwaka 2009 Somjintana Tourtip na wenziwe, baada ya kukikata vipande kwa hadubini ya elektroni na kuhesabu mizunguko ya mrija wake, na baada ya kusoma vinasaba vyake, walikipa jina Enterocytozoon hepatopenaei. Nao waligundua kwamba jamaa yake wa karibu aliyejulikana hakuwa wa baharini, bali ni Enterocytozoon bieneusi, aliyeelezwa mwaka 1985 kutoka katika utumbo wa mgonjwa wa UKIMWI. Msomaji asiogope: huyu wa kamba haambukizi watu. Lakini nasaba hiyo yaonyesha jinsi mlango wa viumbe hawa ulivyo mpana.

Pengine jina hilo jipya lingebaki katika majarida ya wataalamu tu, lau si msiba mwingine. Kuanzia mwaka 2009 huko Uchina, na kuingia Thailand mwaka 2012, kamba walianza kufa kwa wingi ndani ya mwezi wa kwanza baada ya kutiwa bwawani, na nchi nzima zikaingiwa na hofu. Mwaka 2013 maabara ya Lightner ilitangaza kwamba muuaji ni bakteria, Vibrio parahaemolyticus wa kabila lenye sumu. Lakini wachunguzi wa Thailand, akiwamo Timothy Flegel na wanafunzi wake, walipokuwa wakifungua tezi za maelfu ya kamba kumsaka muuaji yule, walikutana tena na tena na kile kimelea chenye spora kama vumbi. Na sasa hakikuwa kwa kamba mwenye milia peke yake, bali kwa kamba mweupe wa Marekani, Penaeus vannamei, ambaye wafugaji wa Asia walikuwa wamemhamia kwa sababu ya kuonekana mstahamilivu. Waliokuwa wakimtafuta mwizi wa mchana walimkuta na wa usiku amekwisha kaa nyumbani.

Hapo ndipo walipotokea mashahidi wa uongo, na sehemu hii ya habari nataka kuikawilia. Wafugaji wengi walikuwa wakiona juu ya maji ya mabwawa yao nyuzi nyeupe zikielea, nazo ni kinyesi cha kamba kilichopoteza rangi; na kamba wenyewe, ukiwainua kwa mkono na kuwatazama mbele ya jua, utumbo wao ulionekana kama uzi wa pamba mahali ulipopasa kuwa mweusi. Ukichukua tone la utumbo ule na kulitazama kwa hadubini, waona kitu cha kutisha: vijimwili vyembamba, virefu, viangavu, vilivyolala sambamba kama minyoo, umbo lao likiwa lile lile la gregarini, vimelea vya utumboni ambavyo hupitia kwa chaza na minyoo ya tope kabla ya kumfikia kamba, na ambavyo vilikuwa vinajulikana siku nyingi. Ni nani asingesema ni gregarini? Wengi walisema hivyo, wakauza dawa na kununua dawa. Mwaka 2014 watafiti wa Thailand walivikata vijimwili vile, wakavitazama kwa hadubini ya elektroni, wakavitafutia kiini, na kiini hakikuwako. Wakavitafutia viungo vyovyote vya seli, havikuwako. Havikuwa viumbe hata kidogo. Vilikuwa ni ule unyoya mwembamba uliofunika ukuta wa seli za tezi, ambao katika ugonjwa ule hubanduka, hujikusanya, hujisokota na kushuka utumboni ukiwa na sura ya mnyoo. Kamba alikuwa akitoa ukuta wa mwili wake mwenyewe, na watu wakikipigania kivuli.

Kimelea chetu nacho kilikuwa kimeshtakiwa kwa kosa hilo hilo, na mwaka uliotangulia, 2013, ilichapishwa taarifa iliyosema waziwazi kwamba kamba walioambukizwa nacho kwa makusudi walipata kimelea lakini hawakupata kinyesi cheupe. Kwa muda kikaachiliwa. Baadaye majaribio yakafanywa kwa kukitia kimelea pamoja na bakteria wa jamii ya Vibrio, na kinyesi cheupe kikatokea. Ikafahamika kwamba mmoja humfungulia mwenzake mlango. Mimi siwalaumu waliokosea katika jambo hili, maadamu walichapisha kosa lao na lililolisahihisha. Nawalaumu wale wauzao dawa ya gregarini hata leo kwa mfugaji asiye na hadubini.

Kosa lililo lake hasa kimelea hiki ni kudumaza, na njia yake ya kuenea ikawa jambo la pili la kustaajabisha. Watu waliokumbuka habari ya kamba wa pamba walitumaini kwamba huyu naye atahitaji samaki wa kumvusha, na kwamba kuwazuia samaki kutatosha. Haikuwa hivyo. Majaribio yalionyesha kwamba kamba mgonjwa akiwekwa katika tangi moja na mzima, bila ya samaki, bila ya chaza, mzima huambukizwa kupitia maji, kinyesi na maiti anazokula. Jamaa wawili wa nasaba moja, wenye mrija wa chusa ule ule, mmoja hahitaji daraja na mwingine hawezi kupita bila ya daraja. Na asiyeweza kuwatofautisha kwa jina hutumia fedha yake kumzuia samaki asiyekuwa na hatia. Hata kipimo cha vinasaba, kinachorudufisha chembe ndogo ya kimelea mara mamilioni hadi ikaonekana, kilidanganya mwanzoni, kwa sababu kilishika sehemu ya vinasaba inayofanana mno miongoni mwa maikrosporidia, kikawahukumu waliomo na wasiokuwamo. Mwaka 2016 Pattana Jaroenlak na wenziwe walitengeneza kipimo kingine kinachokishika kinasaba cha protini ya ganda la spora, ambacho ni cha kimelea hiki peke yake, na hukumu zikawa za haki zaidi.

Hali ni hiyo hiyo kwa kaa na jamaa wengine wa gamba, ingawa habari zao nitazipitia kwa haraka. Mwaka 1931 Chatton na Poisson wa Ufaransa walikieleza kimelea cha damu ya kaa wakakiita Hematodinium, na kwa miaka mingi hakikumshughulisha mtu. Hata mwaka 1985 wavuvi wa Alaska walipoanza kulalamika kwamba kaa wao wakipikwa huwa wachungu kama dawa, damu yao nyeupe kama maziwa, ndipo wataalamu walipofunua tena karatasi za Kifaransa. Na kamba wa maji baridi wa Ulaya walipokufa mto kwa mto kuanzia kaskazini ya Italia karibu na mwaka 1860, Hofer wa Munich alimtangaza bakteria kuwa muuaji, Schikora akamtaja kiumbe mfano wa kuvu aitwaye Aphanomyces, na bishano halikuisha hadi Nybelin wa Uswidi alipomwotesha kiumbe huyo peke yake katika miaka ya 1930. Ilikuja kujulikana kwamba kamba wa Marekani humbeba bila ya kufa, na mmoja wa kamba hao wa Marekani, yule wa Louisiana, yumo katika Ziwa Naivasha tangu mwaka 1970.

Sasa mtu atauliza: baada ya kukitambua kimelea cha kamba, kumepatikana dawa gani? Jibu ni lile la Alès. Hakuna dawa ya kuaminika ya kumponya kamba aliyekwisha ambukizwa, kwani spora ziko ndani ya seli zake na ganda lao ni gumu. Kilichopatikana ni kujua pa kukatia njia. Kamba wazazi katika vituo vya kutotolesha walikuwa wakilishwa minyoo hai ya tope, na minyoo ile ikaonekana kuwa huleta kimelea. Kwa hiyo hugandishwa au kuchemshwa kidogo kwanza. Kinyesi cha wazazi hupimwa kabla hawajataga, kama nondo alivyopondwa kinuni. Bwawa lililovunwa hukaushwa, likatiwa chokaa mbichi itokayo tanurini, isiyozimwa kwa maji, kiasi cha tani 6 kwa hekta, ikalimwa ndani ya udongo na kuloweshwa, hata ukali wake ukaua spora zilizobaki. Watu wa pwani yetu, ambao mababu zao walichoma matumbawe wakapata chokaa ya kujengea misikiti na majumba ya Gedi na Kilwa, hawana haja ya kufunzwa jinsi chokaa hiyo inavyounguza mkono.

Na pwani yetu si mgeni katika jambo hili. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, mabwawa ya kamba ya majaribio yalichimbwa tangu zamani, na Mafia nako kamba wamefugwa. Mwaka 2011 maradhi ya virusi ya madoa meupe yaliingia katika mabwawa ya Msumbiji, na mwaka 2012 yakavuka hadi Madagaska, jambo lililowaonyesha wote kwamba bahari hii haina ukuta. Vifaranga husafirishwa kwa ndege, ndani ya mifuko ya maji na hewa, na kimelea chenye urefu wa mikromita 1 hakilipi nauli.

Basi wewe unayekusudia kuchimba bwawa lako nyuma ya mikoko, kabla hujatoa fedha kwa mwenye vifaranga, muulize wamepimwa kwa maradhi gani, lini, na maabara gani, na wangapi kati yao walichukuliwa kupimwa. Kwa maana vifaranga 150 waliochaguliwa bila ya upendeleo hutosha, kwa yakini ya asilimia 95, kuufichua ugonjwa uliowapata hata 2 tu katika kila mia. Akikupa karatasi, isome mpaka mwisho. Akikujibu kwamba wanaogelea vizuri na wanaonekana wazima, rudi nyumbani na fedha yako.